Nimeambiwa nina silikosisi ya mwanzo: nivae maski niendelee, au nitoke mgodini?

Ndugu mshauri,

Salaam. Nina miaka 37, nina mke na watoto wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 3. Niko kwenye migodi ya tanzanaiti Mirerani tangu 2011. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa navuta udongo, kisha nikakabidhiwa drili, na hadi leo ni mchorongaji, yaani mtoboa mwamba. Tunachoronga kavu kwa sababu maji huku ni ya kununua. Usoni najifunga kitambaa.

Kikohozi kikavu kilinianza 2020. Mwaka 2021 nilipewa dawa za TB miezi 6, na 2023 nikapewa tena miezi 6. Mara zote mbili makohozi hayakuonyesha vijidudu, nikaambiwa picha ya kifua ndiyo inasema. Nikiwa kwenye dawa napata nafuu, nikirudi kazini kikohozi nacho kinarudi. Miezi miwili iliyopita nilipelekwa hospitali kubwa zaidi. Walinipiga picha upya, wakapima makohozi mara moja kwa mashine ya GeneXpert (hayakuwa na TB), na wakanipulizisha kwenye mashine ya pumzi. Karatasi yangu imeandikwa: silikosisi, 1/1, q/p, kanda za juu pande zote mbili, FVC asilimia 84, FEV1/FVC 0.76, oksijeni 96. Daktari alisema ni hatua ya mwanzo ya ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe, hauna dawa, niache vumbi na nirudi baada ya mwaka. Foleni ilikuwa ndefu, sikuuliza zaidi.

Kwa sasa nikipanda ngazi kutoka chini nasimama mara mbili nipumue. Zamani sikuwa nasimama. Kwenye tambarare niko sawa. Nilikuwa navuta sigara 6 kwa siku, nimeshusha hadi 3.

Bosi anasema mgodi unakaribia kutema, yaani kutoa mawe, ninunue maski ya maana niendelee. Nikiondoka sasa napoteza mgao wa miezi 10, maana sisi hatuna mshahara: ni posho ya chakula, na asilimia jiwe likipatikana. Mama anasisitiza ninywe maziwa kila siku yasafishe kifua. Shemeji ameniletea prednisoloni za duka la dawa, anasema zilimsaidia rafiki yake. Mke wangu anaogopa mtoto mdogo kulala chumba kimoja nami. Naomba unifafanulie karatasi yangu, uniambie kama zile TB mbili zilikuwa TB kweli, kama maski inatosha, na kama nina haki yoyote ya fidia ilhali sina mkataba.

Mchorongaji, Mirerani

*

Ndugu yangu, pole sana kwa miaka yote hiyo ya kuzungushwa. Naanza na lile ambalo haliwezi kusubiri: usirudi kwenye drili. Usirudi hata kwa maski, hata kwa mwezi mmoja wa kusubiri mgodi uteme. Sababu nitakupa kwa hesabu, lakini kwanza tuisome karatasi yako, maana ndani yake kuna habari njema ambayo hukuelezwa.

Hiyo 1/1 ni lugha ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) ya kusoma picha za kifua za watu waliofanya kazi kwenye vumbi. Msomaji huweka picha yako pembeni ya picha za kielelezo na kulinganisha wingi wa madoa, kwa madaraja ya 0 hadi 3. Namba ya kwanza ni daraja alilolichagua. Ya pili ni daraja jingine ambalo alilifikiria kabla ya kuamua. Kwako zote ni 1, maana yake hakusita: ni daraja la kwanza. Angeandika 1/0, angekuwa amejiuliza kama picha ni ya mtu mzima wa afya. Herufi zinataja ukubwa wa doa: p ni hadi milimita 1.5, na q ni kati ya 1.5 na 3. Kanda za juu za mapafu ndiko madoa ya silika hupenda kuanzia. Sasa tazama kisichoandikwa. Hakuna A, B wala C, herufi za madoa yaliyoungana hadi kuzidi milimita 10. Madoa yakishaungana hivyo ndipo pafu hukunjamana na pumzi kukatika hata mtu akiwa amekaa. Wewe hujafika huko.

FVC ni hewa yote unayoweza kuitoa kwa pumzi moja, ikilinganishwa na mtu wa umri, urefu na jinsia kama yako. Kuanzia asilimia 80 huhesabiwa kawaida. FEV1 ni hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza, na ile 0.76 ni sehemu yake katika hewa yote. Ikishuka chini ya 0.70 tunasema njia za hewa zimebana. Kwa hiyo namba zako zimo ndani ya mipaka. Ila usizitumie kujidanganya: inawezekana miaka 12 iliyopita ulikuwa na asilimia 100, na hakuna aliyekupima ili tujue. Kusimama mara mbili ngazini ni dalili halisi, na mara nyingi mwili husema kabla mashine haijasema. Karatasi hiyo itunze kama hati ya kiwanja. Kila kipimo kijacho kitalinganishwa nayo.

Kinachotokea ndani ni hiki. Tanzanaiti inakaa kwenye miamba iliyojaa grafiti, na humo humo kuna kwatzi, ambayo ni silika. Drili ikisaga mwamba mkavu, hutoa chembe za kila ukubwa. Zile kubwa zinanaswa puani na kooni. Zinazoua ni zile za chini ya mikroni 4 hivi, wakati unywele mmoja una upana wa mikroni 70 kwa makadirio. Hizo hufika hadi kwenye vifuko vya mwisho vya hewa. Seli walinzi wa mapafu wanazimeza wakidhani ni vijidudu, zinawaua, wanapasuka na kumwaga kemikali zinazochokoza pafu litengeneze kovu. Chembe inabaki pale pale, inamezwa na mlinzi mwingine, naye anakufa. Ndiyo maana ugonjwa unaweza kuendelea kusogea polepole hata baada ya mtu kuacha kazi, na ndiyo maana kila siku ya vumbi jipya ni mzigo juu ya mzigo ambao hautoki.

Makohozi meusi ambayo wachimbaji wengi huyatazama kama kipimo, wakifurahi yakiisha kwamba kifua kimesafika, ni grafiti. Silika huioni kwa macho.

Maziwa, basi. Maziwa yanashuka kwenye umio kwenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu, na njia hizo mbili hazikutani. Mwambie mama kwa upole kwamba maziwa ni chakula kizuri, na kama uzito wako umepungua yanywe kwa sababu hiyo, pamoja na maharage, mayai, dagaa na mboga. Hayaoshi kifua. Wala tangawizi, asali, au dawa za majani za "kusafisha mapafu" zinazouzwa kwa bei ya kukutia madeni. Hakuna dawa ya hospitali wala ya mitishamba inayoitoa silika iliyokwisha kaa, na anayekuahidi hivyo anataka pesa yako.

Prednisoloni za shemeji zirudishe leo. Nalisema kwa ukali kwa sababu ni hatari inayoonekana kama nafuu. Dawa hiyo inatuliza uvimbe, inaleta hamu ya kula, na mtu huhisi amepona ndani ya siku 3. Haizuii makovu ya silikosisi sugu, na inalaza kinga ya mwili wakati mapafu yako tayari ni shamba lililolimwa tayari kwa TB. Rafiki yake shemeji huenda ana pumu, na kwa pumu dawa hiyo ina mahali pake. Tahadhari hiyo hiyo ichukue kwa levofloksasini na moksifloksasini za kununua kiholela kila ukikohoa: zinaipunguza nguvu TB kwa muda, kipimo kinashindwa kuiona, kisha inarudi ikiwa sugu kwa dawa.

Sasa TB yenyewe, na hapa naomba usome taratibu.

Je, zile mbili zilikuwa kweli? Hakuna anayeweza kuapa leo, lakini mambo matatu yanatia shaka. Makohozi hayakuonyesha vijidudu mara zote mbili. Madoa ya silikosisi yanakaa kanda za juu, mahali ambapo TB nayo hupenda, na macho yasiyozoea picha za wachimbaji huyachanganya. Na nafuu yako ilikuja ulipokuwa nyumbani ukimeza dawa, mbali na drili, ikaondoka uliporudi. Kikohozi cha vumbi hufanya hivyo hivyo bila dawa yoyote. Kuna ushahidi mmoja unaoweza kusaidia: omba picha zako za 2021 na 2023, au hata CD yake, umpelekee daktari aliyekuandikia 1/1. Madoa ya TB iliyotibiwa hubadilika, hupungua au huacha kovu la upande mmoja. Madoa yaliyobaki vile vile, sawasawa pande zote, kabla na baada ya dawa, yanaelekea kuwa ya vumbi tangu mwanzo.

Lakini usitoke hapo ukisema "kumbe mimi si mtu wa TB". Ni kinyume. Silika inawaua walinzi wale wale ambao kazi yao ni kuidhibiti TB, kwa hiyo mwenye silikosisi yuko kwenye hatari ya TB mara kadhaa kuliko mtu mwingine, na hatari hiyo haiishi hata ukiacha mgodi. Ikiwa ana VVU pia, hatari hizo mbili zinazidishana. Kama hujapima VVU ndani ya mwaka huu, pima safari moja na mkeo.

Kipimo kimoja cha GeneXpert kisichoonyesha TB, kwa mtu mwenye kikohozi kikavu, hakitoshi kufunga faili. Mara nyingi kinachopelekwa maabara ni mate. Sampuli nzuri inatolewa asubuhi kabla ya kula: sukutua kwa maji safi, simama nje penye hewa mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara 2 ukiishikilia kidogo, kisha ya 3 ikohoe kutoka chini kifuani. Inatakiwa nzito, kiasi cha mililita 3 hadi 5, yaani karibu kijiko cha chai. Makohozi yakigoma, hospitali zenye vifaa hukuvutisha mvuke wa maji ya chumvi ili yalegee. Peleka sampuli 2, na omba moja ioteshwe maabara. Kuotesha kunaweza kuchukua wiki 6 au zaidi, lakini kwako wewe ni muhimu kwa sababu nyingine: GeneXpert inatafuta vinasaba, na inaweza kuviona hata vya vijidudu vilivyokufa kwa dawa za zamani. Siku kipimo hicho kikikuonyesha una TB, kuotesha ndiko kutasema kama ni wadudu hai.

Ikithibitika huna TB hai, muulize daktari swali hili kwa maneno haya: "Nina silikosisi, je, ninastahili dawa za kinga ya TB?" Shirika la Afya Duniani linawataja wenye silikosisi miongoni mwa wanaopaswa kupimwa maambukizi yaliyolala na kupewa kinga. Mpango wa kawaida ni isoniazidi kila siku kwa miezi 6, au isoniazidi na rifapentini mara 1 kwa wiki kwa wiki 12. Kwa kuwa umeshameza dawa za TB mara mbili, yeye ndiye atapima kama inafaa. Ukipewa, acha pombe muda wote huo, uliza vitamini B6 ya kulinda mishipa ya fahamu, na macho yakigeuka manjano au mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, simamisha dawa na urudi kituoni siku hiyo hiyo. Na ikiwa siku moja TB itathibitika, mkumbushe anayekutibu kwamba una silikosisi: kwa watu kama wewe madaktari wengi huongeza muda kutoka miezi 6 hadi 8 au zaidi, kwa sababu ya kurudi kwa ugonjwa. Dawa za TB katika vituo vya serikali ni bure.

Kuna namna ya kutofautisha nyumbani. Silikosisi ya hatua yako haileti homa ya jioni, haitoi jasho la kulowesha shuka, haipunguzi uzito, haitoi damu. Moja tu kati ya hizo, au kikohozi kilichobadilika na kupita wiki 2, ni safari ya kupima makohozi. Usisubiri miadi ya mwaka.

Nije kwenye maski. Maski ya N95 au FFP2 iliyokaa vizuri usoni huhesabiwa kupunguza vumbi unalovuta hadi sehemu 1 ya 10. Nchini Marekani kikomo cha silika kazini ni miligramu 0.05 kwa mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa zamu ya saa 8. Tuseme kwenye pango lenu, drili ikikata kavu na hewa haizunguki, vumbi ni mara 50 ya kikomo hicho. Kwa uchorongaji mkavu sehemu finyu si makisio ya kutia chumvi. Umevaa maski bora kabisa, bado unavuta mara 5 ya kikomo, na kikomo chenyewe kiliwekwa kwa ajili ya mapafu mazima. Hapo nimedhani huna ndevu, hukuishusha kupiga kelele kwa msaidizi wako, na jasho halikuilowesha. Kwenye joto la chini, baada ya nusu saa utaishusha. Kitambaa ulichokuwa unajifunga kilizuia chembe kubwa, zile ambazo pua ingezizuia yenyewe.

Bosi wako akitaka kweli kuwalinda wanaobaki, maski ni jambo la mwisho. La kwanza ni maji yanayopita ndani ya chuma cha drili hadi kwenye ncha, chini ya shimo, vumbi linapozaliwa. Kumwagia maji mdomoni mwa shimo kunasaidia kidogo tu, kwa sababu vumbi laini limeshatoka. Drili nyingi za hewa zinazotumika migodini zina toleo lenye mrija wa maji. Tangi la plastiki likiwekwa juu na bomba likashushwa, uzito wa maji wenyewe unaleta mkandamizo. Ila mkandamizo wa maji uwe chini kidogo ya ule wa hewa ya kompresa, la sivyo maji yataingia kwenye mashine na kuosha oili, nayo itasagika. Hapo ndipo wengi hushindwa, wanaamua "drili za maji zinakufa upesi" na kurudi kuchoronga kavu. Maji yakiwa haba, yakusanywe kwenye shimo, yatuame, yatumike tena kwa kuchoronga. La pili ni muda baada ya baruti. Moshi ukitoweka machoni watu hushuka, lakini chembe ya mikroni 2 inahitaji kama saa 2 kushuka mita 2 kwenye hewa iliyotulia, na ya mikroni 1 inahitaji kama saa 6. Pango lipulizwe hewa safi kutoka juu kabla ya mtu kuingia, na udongo uloweshwe kabla ya kuvutwa. Kusafisha nguo kwa mpira wa kompresa, tabia niijuayo vyema, ni kujirushia usoni vumbi la zamu nzima.

Najua mgao wa miezi 10 si kitu cha kukitupa, na sikuambii ukitupe. Omba kuhamishwa juu kabla mgodi haujatema, asilimia yako ikibaki: stoo, kuandika mahudhurio, winchi ikiwa iko upande unakotoka upepo. Kazi za kukataa hata kama ziko juu ni kuchekecha udongo mkavu, karasha, kukata mawe kwa mashine kavu, na kuchanganya saruji; huko utakuwa umebadilisha jina la vumbi tu. Kabla ya kuhama, andikeni makubaliano: jina la mgodi na namba ya leseni, tarehe uliyoanza duru hii, asilimia yako, sababu ya kuhama, sahihi yako, ya bosi na mashahidi wawili. Bosi akigoma kusaini, andika mwenyewe, wachimbaji wenzako wawili wasaini, piga picha kwa simu na itume kwa mtu mwingine aitunze.

Kuhusu fidia, "sina mkataba" si mwisho wa maneno. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulianzishwa kwa sheria ya 2008, na magonjwa yatokanayo na kazi yamo. Swali litakuwa kama wewe ni mwajiriwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inataja mambo ambayo likiwepo hata moja tu, mtu hudhaniwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo: kwamba namna na saa zako za kazi zinaongozwa na mwingine, kwamba unapewa vifaa vya kazi, kwamba umemfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita, kwamba kipato chako kinamtegemea yeye. Drili ni ya nani? Kompresa, baruti na posho ni za nani? Hiyo ni hoja ya kupeleka, ingawa si ushindi wa uhakika, na mwenye mgodi ambaye hajajisajili WCF anaweza kuipinga. Wewe anza kukusanya: karatasi ya hospitali inayotaja kazi yako na miaka yake, kitambulisho unachoonyesha getini kwenye ukuta wa Mirerani, picha ukiwa kazini zenye tarehe, meseji za bosi, majina na simu za uliofanya nao kazi kila mgodi tangu 2011. Peleka taarifa WCF mapema kwa maandishi, kwa sababu madai yana ukomo wa muda tangu ugonjwa ugundulike. Nakala ipeleke kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Msaada wa wanasheria wa haki za binadamu au wa chama cha wachimbaji utakupunguzia mzunguko.

Mke wako mpe jibu lililonyooka: silikosisi haiambukizi. Si kwa kikohozi, si kwa kijiko, si kwa kitanda. Mtoto alale nanyi. Hofu yake ina haki upande mmoja tu, TB, na ndiyo maana sampuli zile 2 zisichelewe. Ikionekana unayo, mtoto wa miaka 3 apelekwe mara moja kupimwa na kupewa kinga. Kitu ambacho umekuwa ukileta nyumbani ni vumbi la nguo. Zilizobaki ziloweke kwenye ndoo nje kabla ya kufuliwa, zisikung'utwe, na mkeo asizifue kavu kavu kwa kuzipiga ukutani.

Sigara 3 zilizobaki zimalize. Kovu la silika hatuwezi kuligusa, lakini madhara ya moshi tunaweza kuyasimamisha, na silika pamoja na tumbaku zinaongezeana kwenye saratani ya mapafu. Bangi na shisha ni moshi vile vile, na jiko la kuni liwe nje au penye dirisha.

Mazoezi usiyaogope. Tembea dakika 20 hadi 30, siku 5 kwa wiki, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukianza kuhema, vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 2, itoe polepole kwa midomo iliyobanwa kama unapuliza uji wa moto, ukihesabu hadi 4. Kwenye mlima toa hewa unapopandisha mguu. Andika kwenye daftari, kila Jumapili, umepanda mlima uleule ukisimama mara ngapi. Daftari hilo litamwambia daktari mengi kuliko "naendelea vizuri". Chanjo ya mafua na ya nimonia, ukizipata, chukua.

Miadi ya mwaka ni sawa kwa picha na kipimo cha kupuliza, ila kwa kuwa ulichoronga kavu miaka mingi ningependa kipimo cha kupuliza kirudiwe baada ya miezi 6. Siku hiyo usivute sigara, usile ukashiba saa 2 kabla, na upulize kwa nguvu zote hadi mwisho, angalau sekunde 6, mara 3 zinazofanana. Ukipuliza nusu nusu, namba zitasema uongo. FVC au FEV1 ikishuka kwa asilimia 15 ya kiwango cha leo, hilo si la kuachia hadi mwaka ujao. Kwa upande wenu huko, Hospitali Maalumu ya Magonjwa Ambukizi Kibong'oto, wilayani Siha, imezoea vifua vya wachimbaji wa Mirerani. Omba rufaa ya kwenda huko ukiona unazungushwa tena. Mwambie daktari pia ukipata maumivu na uvimbe wa viungo, au vidole kugeuka vyeupe kwenye baridi, kwa sababu silika huamsha magonjwa ya namna hiyo. Na ukishikwa ghafla na maumivu makali upande mmoja wa kifua huku pumzi ikikatika, huenda pafu limetoboka. Hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Jambo la mwisho ni kuhusu wenzako. Kama mlikuwa mkipokezana drili hiyo moja, nao wamevuta vumbi lile lile. Waonyeshe karatasi yako. Aliyechoronga kavu miaka 5 au zaidi akapigwe picha sasa, hata kama hakohoi, na picha hiyo isomwe na mtu aliyeambiwa kazi yake ni ipi.